Chanda Chema na Futikamba

Siku moja ya mwaka 2023 mjukuu wangu alinijia barazani akiwa ameshika futikamba ya fundi cherehani. Baada ya shikamoo na marahaba hakukaa kitako kama ilivyo desturi yake. Alivua viatu, akasimama wima kwenye mwimo wa mlango wa mbele, akaniambia, "Babu, wewe ni mwalimu, huwezi kunidanganya. Nipime."

Nikampima. Nilimwekea kitabu juu ya kichwa, kama tulivyokuwa tukiwapima watoto shuleni, nikapiga alama kwa penseli juu ya mbao. Futi 5 na inchi 2, yaani sentimita 157. Nikampima mara ya pili kwa sababu niliona macho yake yananiomba. Jibu likawa lile lile.

Ndipo aliponieleza kisa chake. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa wasichana watakaoonyesha nguo jukwaani. Ukutani palikuwa pamechorwa mstari. Kila msichana alisimama penye mstari huo, na ambaye kichwa chake hakikufika aliambiwa ahsante, apite mlango wa pili. Hakuna aliyemtazama uso, wala mwendo, wala picha alizozibeba katika bahasha. Alisafiri usiku kucha kwa basi ili asimame ukutani kwa nusu dakika.

Hata hivyo hakuwa amekuja kulia. Alikuwa ameamua kuifanya kazi hiyo ya uanamitindo kwa kujitegemea, bila wakala, akijitafutia wateja mwenyewe na kimo chake hicho hicho. Tatizo lilikuwa baba yake, mwanangu wa kwanza, ambaye alikuwa amekwisha kutamka kwamba hiyo si kazi bali ni upuuzi, na kwamba stashahada ya uhasibu aliyomlipia binti yake haikununuliwa ili akapigwe picha. "Baba anakusikiliza wewe tu," alisema mjukuu wangu. "Zungumza naye."

Nilimwambia anipe muda. Nilisingizia kwamba mwalimu wa historia hajibu swali kabla ya kusoma. Lakini ndugu msomaji, wewe nitakueleza ukweli. Nilipoiona ile alama ya penseli nilimkumbuka msichana mwingine na mstari mwingine, ambao niliuchora mimi mwenyewe. Habari zake nitazifikia. Kwanza nieleze niliyoyasoma.

Wengi wetu tunadhani kwamba urefu wa mwanamitindo ni jambo la maumbile, kama vile shingo ya twiga. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe ni jambo lenye tarehe yake na sababu zake, na lililowekwa na watu.

Katikati ya karne ya 19 palikuwa na duka la vitambaa mjini Paris lililoitwa Gagelin. Humo alifanya kazi kijana Mwingereza, Charles Frederick Worth, na humo pia alifanya kazi msichana Mfaransa, Marie Vernet. Kazi ya Marie ilikuwa kujitupia shali mabegani mbele ya wateja ili waone jinsi inavyokaa mwilini. Wawili hao walioana mwaka 1851. Mwaka 1858 Worth alifungua nyumba yake ya mavazi pamoja na mshirika, na baadaye akawa mshonaji wa Malkia Eugénie wa Ufaransa. Mkewe ndiye aliyezivaa nguo zake za kwanza mbele ya watu. Waandishi wengi wanamhesabu Marie Vernet kuwa mwanamitindo wa kwanza wa kulipwa. Angalia basi mambo yalivyoanza: alikuwa mfanyakazi wa dukani aliyejua kuibeba shali, wala si msichana aliyeteuliwa kwa futikamba.

Mstari ulianza kuchorwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko London mshonaji mmoja aliyejiita Lucile, ambaye jina lake la heshima lilikuwa Lady Duff Gordon, alijenga jukwaa dogo lenye pazia na muziki, akawapitisha wasichana wake mmoja mmoja mbele ya wageni. Aliwapenda wasichana warefu, tena aliwapa majina mapya ya fahari kama waigizaji wa tamthilia. Mwaka 1924 mshonaji wa Paris, Jean Patou, alivuka bahari mpaka New York, akachagua wasichana 6 wa Kimarekani wenye miili mirefu ya kimichezo, akarudi nao Ufaransa. Safari ile iliandikwa sana magazetini, na sura ya msichana mrefu ikazidi kukaa katika macho ya watu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kazi yenyewe. Nguo ya maonyesho hushonwa moja tu, kabla ya kuuzwa, ili iwe sampuli. Leo huvaliwa na msichana huyu, kesho na yule, keshokutwa husafirishwa mji mwingine. Kwa hiyo mshonaji hatafuti nguo inayomfaa msichana. Anatafuta msichana anayeifaa nguo. Na kwa kuwa nguo ndefu huonekana vizuri zaidi kutoka mbali na kitambaa chake huteremka bila kukunjamana, sampuli ikashonwa ndefu. Waliobaki wakapimwa kwayo.

Kisha wakaja mawakala. John Robert Powers alifungua wakala wake New York mwaka 1923. Mwaka 1946 Eileen Ford na mumewe Jerry walianza wa kwao, na wakaleta utaratibu mmoja wa haki ambao lazima nikiri kuwa niliupenda: walimlipa mwanamitindo fedha zake kwanza, kisha wao ndio wakahangaika kumdai mteja. Kabla ya hapo msichana aliweza kungoja malipo yake miezi mingi. Lakini wakala huyo huyo aliyemlinda msichana dhidi ya mteja mkaidi alikuwa pia na daftari la vipimo: kimo, kifua, kiuno, nyonga, kiatu. Futikamba ikawa bawabu. Aliye ndani alilindwa, na aliye nje alikuwa peke yake.

Na wanawake wenyewe waliokuwa wakinunua nguo, je? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu barazani. Katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mshonaji mmoja wa Marekani aitwaye Hannah Troy aliangalia vipimo vya wanawake waliojitolea jeshini, akagundua kwamba wengi wao walikuwa wafupi wa kiwiliwili kuliko nguo zilizokuwa zikishonwa. Akaanza kushona nguo za vipimo hivyo, na neno la Kifaransa "petite", lenye maana ya dogo, likawa jina la saizi madukani. Kwa kawaida saizi hiyo inahesabiwa kuwa ya mwanamke asiyefika futi 5 na inchi 4. Haimaanishi wembamba. Maana yake ni kwamba bega, mkono na mahali pa kiuno vimekatwa kwa mtu mfupi. Kwa hiyo wanunuzi wafupi walikuwapo tele, na fedha zao zilipokelewa; ila picha ya nguo waliyoiona kabla ya kununua, mara nyingi ilikuwa imevaliwa na mrefu.

Sasa niwafikie wale wawili ambao mjukuu wangu alikuwa na picha zao ukutani.

Wa kwanza ni Lesley Hornby wa London, ambaye dunia inamjua kwa jina la Twiggy, kama kusema "Kijiti". Alizaliwa mwaka 1949, mimi nilizaliwa mwaka 1950, kwa hiyo ni wa rika langu. Alipojaribu kuingia katika kazi hiyo alionekana mdogo mno kwa picha za nguo. Ikafikiriwa kwamba labda atafaa kwa picha za uso tu. Akapelekwa kwa kinyozi wa mabibi, Leonard, ili nywele zikatwe fupi kwa ajili ya picha hizo. Picha zikatundikwa saluni. Mwandishi wa gazeti la Daily Express, Deirdre McSharry, akaziona, na mnamo Februari 1966 gazeti hilo likamtangaza msichana huyo wa miaka 16 kuwa ndiye uso wa mwaka. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 6. Mwaka uliofuata alikuwa New York, na wasichana wa mabara yote wakaanza kukata nywele kama zake.

Hata sisi yalitufikia. Mwaka 1968 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na sketi fupi ambazo Twiggy alizivaa zilikuwa zimekwisha kuonekana katika mitaa ya Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969, katika harakati iliyoitwa Operesheni Vijana. Kabla hata ya siku hiyo kufika, vijana walikuwa wamewazingira wanawake Kariakoo na kuwashambulia kwa ajili ya nguo walizovaa. Sisi shuleni tulishangilia habari hizo. Nasema sisi, maana nami nilipiga makofi. Hatukujiuliza kwa nini kila mara ilipotakiwa kupimwa heshima ya taifa, futikamba ilipelekwa kwenye goti la msichana. Wembamba wake Twiggy nao ukawa mstari mpya wa kuwaumiza wenziwe. Wasichana wengi walijinyima chakula ili wafanane naye. Hatari hiyo haijakwisha, na ndiyo maana tangu mwaka 2017 Ufaransa inadai mwanamitindo awe na cheti cha daktari kuthibitisha kuwa afya yake inamruhusu kufanya kazi.

Wa pili ni Kate Moss, aliyezaliwa Croydon mwaka 1974. Mwaka 1988, akiwa na miaka 14, aliokotwa na wakala katika uwanja wa ndege wa New York akirudi nyumbani kutoka likizo. Miaka ile jukwaa lilijaa wasichana warefu wenye miili iliyojengeka, naye hakupita futi 5 na inchi 7. Mwaka 1990 picha yake ilitoka katika jalada la jarida la The Face, na baada ya miaka miwili hivi akawa katika matangazo ya Calvin Klein. Mwaka 2016 alianzisha wakala wake mwenyewe. Aliyekuwa mfupi mbele ya futikamba sasa ndiye aliyeishika.

Nilimweleza mjukuu wangu yote haya, akafurahi. Lakini mwalimu mwaminifu hasomi kurasa zinazopendeza tu. Nilimwambia, "Hawa wawili ni wafupi kwa hesabu ya majitu. Hapa kwetu tungewaita wanawake warefu, na wewe wanakuzidi inchi 4 na 5. Tena walishikwa mkono na wakala. Mlango ulifunguliwa wakapita wao, kisha ukafungwa." Na wa kwetu waliofika mbali walikuwa warefu: Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi Nairobi wakati mpiga picha Peter Beard alipokutana naye mwaka 1975, na Flaviana Matata, Miss Universe Tanzania wa mwaka 2007, ambaye aliendelea na kazi hiyo New York. Mwaka 2009 kipindi kimoja cha mashindano cha televisheni ya Marekani, America's Next Top Model, kilichukua washiriki wote wasiozidi futi 5 na inchi 7, kikapata mshindi, na msimu uliofuata kikarudi kwa warefu.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Babu, mimi sitaki jukwaa. Nilikwenda kule kwa sababu nilidhani ndiko kuliko na mlango. Nimekuja kukuuliza kama kuna nyumba nyingine."

Iko. Nilimkuta ndani yake mwanamke wa New York aitwaye Isobella Jade, ambaye kitabu chake alikipa jina la kimo chake, Almost 5'4", kwa maana ya kwamba hata hizo futi 5 na inchi 4 hazikutimia. Mawakala hawakumtaka. Akajitegemea. Alijitangaza mwenyewe, alijipeleka mwenyewe kwa wateja, na aligundua kwamba mtu anayetangaza kiatu anahitaji mguu, wala hana haja na kimo cha mwenye mguu. Alipiga picha za miguu, mikono na uso. Hakuwa na kompyuta, hivyo sehemu kubwa ya kitabu chake aliiandika amesimama katika duka la Apple mjini humo, kwenye kompyuta zilizowekwa kwa ajili ya wateja kuzijaribu. Niliposoma habari hiyo nilimpenda kama mwanafunzi wangu. Nimefundisha vijana waliosoma chini ya taa za barabarani. Namjua mtu wa namna hiyo nikimwona.

Wazee wetu walikwisha kusema kwamba chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda kirefu. Mwenye duka la pete, bangili na saa anatafuta mkono wenye ngozi laini na kucha zilizotunzwa. Mchoraji wa hina vivyo hivyo. Mwenye viatu ana sampuli ya namba ndogo, na mguu mkubwa hauwezi kuingia. Muuza miwani, vilemba, hereni na mafuta ya nywele anapiga picha kuanzia mabega kwenda juu. Kiwanda cha nguo za wanawake wafupi kinahitaji mtu wa kusimama mbele ya mshonaji ili nguo ikatwe juu ya mwili wake, na hapo mrefu ndiye asiyefaa. Katika picha moja moja, tofauti na jukwaani, hakuna mwenzako wa kulinganishwa naye. Kamera ikiwekwa chini kidogo na kiuno cha nguo kikiwa mahali pake, mtazamaji hawezi kutaja inchi. Na hapa kwetu wanunuzi wa kanga na vitenge ni wanawake wa kimo cha kawaida. Wanataka kuona jinsi kitambaa kitakavyowakaa wao.

Ndipo nilipomtolea masharti, maana babu haruhusiwi kutoa sifa bila masharti. Anayejitegemea hana bawabu wa kumzuia, na pia hana bawabu wa kumlinda. Wakala wa Marekani kwa kawaida hukata asilimia 20 ya malipo. Asiye na wakala anabaki nayo, lakini kazi iliyofanywa na asilimia hizo inamwangukia yeye. Ni lazima atunze albamu ya picha chache zilizo bora, na kadi yenye vipimo vya kweli. Sentimita 157 ziandikwe 157, kwa sababu mteja aliyedanganywa hatarudi. Aulize kabla ya siku ya kazi: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na nani atalipa nauli. Asitoe fedha kwa mtu anayedai kumtafutia kazi, kwa kuwa kazi humlipa mfanyakazi na siyo kinyume chake. Asiende peke yake kwenye chumba cha mpiga picha asiyemjua. Hata kule kwenye sheria nyingi mambo haya yamechukua muda mrefu: wanamitindo wa New York walianzisha chama chao cha kutetea haki, Model Alliance, mwaka 2012, na sheria ya jimbo ya kuwabana mawakala wao ilianza kutumika mwaka 2025 tu.

Yote hayo niliweza kuyasema bila shida. Shida yangu ilikuwa kwenda kwa mwanangu na kumwambia asimpime mtoto wake kwa kimo cha kazi anazozijua yeye. Ningewezaje kusema hivyo?

Sasa nakuja kwenye ule mstari wangu.

Mwaka 1988 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Tulitarajia wageni kutoka makao makuu, nami nilipewa kazi ya kuchagua wanachuo watakaofundisha mbele yao. Alikuwapo msichana mmoja aliyekuwa mwerevu kuliko wote katika darasa langu, lakini mfupi sana. Alipopanda jukwaani kufanya majaribio, alinyoosha mkono kuandika tarehe, na chaki yake ikaishia chini kabisa ya mahali nilipozoea kuiandika mimi. Nilichukua rula ya ubaoni, nikachora mstari pale mkono wake ulipofikia, nikawaambia wenzake, "Juu ya hapa ni pori. Mwalimu asiyefika porini atafundishaje?" Darasa likacheka. Nikamchagua kijana mrefu ambaye maandishi yake yalikuwa makubwa na fikra zake ndogo. Wageni walikuja, wakaridhika, wakaondoka. Sikulifikiria tena jambo lile kwa miaka 20 au zaidi.

Baada ya kupiga alama ile mlangoni kwangu sikulala vizuri. Niliuliza kwa wanafunzi wangu wa zamani, nikapata habari zake. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, umbali wa saa 4 kwa basi. Nilikwenda bila kumwarifu.

Alinitambua kabla sijateremka kwenye bodaboda. "Shikamoo mwalimu," alisema, akanipokea mfuko wangu, akanitembeza madarasani. Katika darasa la kwanza na la pili niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka 40 ya kazi yangu. Ubao ulikuwa umeteremshwa. Ukingo wake wa chini ulifika kwenye kiuno cha mtoto. Watoto watatu walikuwa mbele wakiandika hesabu zao wenyewe, na mkono wa aliye mfupi kuliko wote ulifika juu.

Nilimuuliza aliyeteremsha ubao. "Mimi," alijibu. "Nilipopangiwa kazi mara ya kwanza niliona sifiki. Nikajiambia, mwalimu wangu alisema kweli. Halafu nikatazama watoto, nikaona hata wao hawafiki. Nikawaza, huu ubao alitundikiwa nani? Nikamtafuta fundi."

Tuliketi ofisini kwake tukinywa chai. Nikamwomba radhi. Nilitumaini atasema amekwisha kusahau, kama watu waungwana wasemavyo. Hakusema hivyo. Alisema, "Mwalimu, nakumbuka mpaka rangi ya chaki. Usiku ule nilifunga sanduku langu nikataka kurudi nyumbani. Mwenzangu wa bwenini alikaa juu ya sanduku mpaka asubuhi." Kisha akanimiminia chai nyingine, akasema, "Lakini umekuja. Nami nimekusamehe, mwalimu." Sikujibu neno. Nimepokea barua nyingi za shukrani katika maisha yangu, na hakuna iliyonielemea kama kikombe kile.

Wiki iliyofuata nilimwita mwanangu. Sikumweleza habari za Twiggy wala za Paris. Nilimweleza habari za ule mstari wa chaki, ambazo hakuwahi kuzisikia, na kuhusu kikombe cha chai. Mtoto wa mwalimu hapendi kusikia kwamba baba yake alikosea. Alitazama chini muda mrefu. Hatimaye alisema, "Baba, mimi sikatai kwa sababu ni mfupi. Nakataa kwa sababu naogopa." Hilo lilikuwa jibu la kweli, na nililiheshimu. Hofu ya mzazi siyo upuuzi. Tukakubaliana kwamba kazi ya uhasibu haitaachwa, kwamba hesabu za picha zitaandikwa katika daftari, na kwamba mama yake au dada yake atamsindikiza kila anapokwenda mahali papya.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba mjukuu wangu amekuwa tajiri. Mwaka wa kwanza alipata kazi 9. Nne zilikuwa za mikono: pete, hina, na mara mbili saa za ukutani ambazo alitakiwa kuzishika tu. Tatu zilikuwa za kanga na vitenge kwa wauzaji wa rejareja, moja ya viatu, na moja hakulipwa kabisa. Mwenye duka hilo lisilolipa aliibandika picha yake juu ya tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi, kitu ambacho hakukikubali na ambacho asingekikubali. Alilia siku ile. Mimi na yeye tuliketi barazani tukaandika karatasi moja ya makubaliano, kwa Kiswahili chepesi: picha hizi ni za bidhaa hii, kwa miezi hii, kwa malipo haya, na haziruhusiwi kwa bidhaa nyingine. Picha ya tangazo iliondolewa baada ya yeye na baba yake kwenda wenyewe dukani. Naam, baba yake. Tangu hapo hakuna anayempiga picha kabla ya kutia sahihi.

Mwaka huu muuza vitenge mmoja alimweleza kwamba wateja humuuliza, "Kile kitambaa alichovaa yule dada mfupi, kipo?" Mjukuu wangu alinisimulia akicheka. Ameanza kuandika maneno hayo katika kadi yake, chini ya zile sentimita 157.

Alama ya penseli bado ipo kwenye mwimo wa mlango. Fundi rangi alipokuja juzi alitaka kuipaka juu yake, nikamwambia aiache. Wajukuu wadogo wamekwisha kuongeza alama zao chini ya ile, kila mmoja na jina lake. Nimewaruhusu, kwa sharti moja tu ambalo ningependa ningelijua nilipokuwa na rula mkononi: kila mtu ajipimie mwenyewe, na asicheke alama ya mwenzake.